Ulinzi wa Tovuti ya Shule na Nafasi Yake katika Utafutaji

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Makao yake makuu ni mji wa Bariadi, na wilaya zake ni tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni mkoa wa pamba na wa mifugo. Mali hizi mbili zina maadui wanaojulikana tangu zamani: pamba huvamiwa na funza wa vitumba, na ng'ombe huibwa usiku. Wakulima na wafugaji wa huko hawahitaji kufundishwa kwamba mali isiyolindwa ni mali ya mwizi. Hata hivyo, shule, vyama vya ushirika na vikundi vya wazalishaji wa siku hizi huweza kumiliki mali ya aina nyingine, isiyo na uzito wala harufu, ambayo ulinzi wake haujazoeleka. Mali hiyo ni tovuti.

Makala haya yamekusudiwa kueleza jinsi tovuti inayoendeshwa na wenyewe, bila ya kampuni maalumu ya kuitunza, inavyoweza kuvamiwa. Kwa nini uvamizi huo huipotezea nafasi yake katika matokeo ya utafutaji. Na hatua ambazo mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuzichukua. Ili maelezo yawe na mahali pa kushika, itatumika shule ya mfano, ambayo ni ya kubuni. Na ichukuliwe kuwa ni shule ya sekondari yenye bweni, iliyoko karibu na mji wa Bariadi, na kwamba tovuti yake inatunzwa na mwalimu mmoja wa hisabati baada ya vipindi. Katika tovuti hiyo mna historia ya shule, matokeo ya mitihani na maelekezo ya kujiunga, pamoja na namba ya akaunti ya kulipia ada.

Jambo hili la mwisho ndilo linaloipa mada uzito. Mzazi wa Meatu aliyekwisha kuuza pamba yake hutafuta jina la shule kwa simu, husoma namba ya akaunti, kisha hulipa. Mtu akiibadilisha namba hiyo, jasho la msimu mzima litakwenda kwa mwizi kabla ya mtoto kufika bwenini.

1. Tovuti ni kitu gani?

Tovuti ni mkusanyiko wa mafaili yaliyowekwa katika kompyuta iitwayo seva, ambayo huwashwa usiku na mchana na huunganishwa na intaneti. Seva huwa na anwani ya namba. Kwa kuwa binadamu hukumbuka majina kuliko namba, hutumika jina la kikoa, na orodha maalumu huligeuza jina hilo kuwa namba. Vikoa vinavyoishia na .tz viko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na shule zimetengewa kikomo chao, yaani .sc.tz.

Basi, mwenye tovuti ana vitu vitatu vya kulinda: kikoa, ambacho hulipiwa kila baada ya muda maalumu, nafasi katika seva, ambayo nayo hulipiwa, na programu inayotengeneza kurasa. Programu inayotumika zaidi duniani kwa kazi hii ni WordPress, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, ambayo sasa huendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote. Umaarufu huo una faida, kwa kuwa msaada hupatikana kwa urahisi. Una hasara vilevile: mdukuzi akivumbua ufa mmoja, amepata ufunguo wa nyumba nyingi zilizojengwa kwa ramani moja.

2. Kwa nini mdukuzi aihangaikie shule ya Bariadi?

Swali hili huulizwa mara nyingi, na jibu lake huwashangaza wengi: mdukuzi hamhangaikii mtu yeyote kwa jina. Anwani za mfumo wa zamani wa intaneti, ambao ungali unatumika sana, ni namba za tarakimu 32 za msingi wa mbili. Kwa hiyo idadi yake haiwezi kuzidi 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296. Idadi hiyo ni kubwa kwa binadamu, lakini ni ndogo kwa mashine. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitangaza programu iitwayo ZMap, yenye uwezo wa kuzibishia hodi anwani zote za umma za mfumo huo kwa muda usiofika dakika 45, kwa kutumia kompyuta moja tu yenye mawasiliano ya kasi. Hiyo ni zaidi ya anwani milioni 1 kwa kila sekunde.

Programu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya utafiti. Hata hivyo, kanuni yake inaonyesha wazi hali ilivyo. Kuwa mbali na miji mikubwa hakuifichi tovuti. Mashine inayobisha hodi haijui Bariadi wala London. Inajua mlango uliofungwa na mlango ulio wazi.

3. Sifa ni mtaji: hesabu ya viungo

Shule ya mfano haina fedha katika tovuti yake. Mdukuzi hupata nini basi? Hupata sifa ya shule, na sifa hiyo inaweza kuhesabiwa.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia ya kuzipanga kurasa kwa uzito, iliyokuja kuwa msingi wa mtambo wa utafutaji wa Google. Wazo lao lilikuwa hili: kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni kama kura. Kura ya ukurasa wenye sifa ina uzito kuliko kura ya ukurasa usiojulikana. Na ukurasa unaopiga kura nyingi huigawanya sifa yake kwa idadi ya kura hizo.

Mfano mwepesi utalifafanua jambo hili. Ziwepo tovuti tatu: ya mkoa (M), ya shule (S) na ya chama cha ushirika (C). M ina viungo viwili, kimoja kwenda S na kimoja kwenda C. S ina kiungo kimoja kwenda M. C ina kiungo kimoja kwenda S. Jumla ya sifa zote iwe 1. Hapo hupatikana milinganyo ifuatayo:

M = S
S = M/2 + C
C = M/2
M + S + C = 1

Kwa kuwa S ni sawa na M, na C ni nusu ya M, jumla ni M mbili na nusu. Hivyo M = 0.4, S = 0.4 na C = 0.2. Msomaji athibitishe kwamba mlinganyo wa pili nao unatimia: 0.2 + 0.2 = 0.4.

Sasa mdukuzi aingie katika tovuti ya shule na kupandikiza viungo 9 vilivyofichwa, vyote vikielekea tovuti ya kamari. Viungo vya S vinakuwa 10. Katika hatua ya kwanza ya hesabu mpya, kila kiungo kinabeba 0.4 gawanya kwa 10, yaani 0.04. Tovuti ya mkoa, iliyokuwa ikipokea 0.4 kutoka kwa shule, sasa inapokea 0.04 tu, na kamari inapokea 0.36. Sifa iliyojengwa na walimu kwa miaka imehamishwa kwa usiku mmoja.

Mitambo ya utafutaji ya leo hutumia vigezo vingine vingi zaidi ya viungo, na hujitahidi kuitambua hila hii. Lakini hapo ndipo hasara ya pili inapoanza. Mtambo ukiigundua tovuti iliyochafuliwa, huishusha katika orodha, au huiandikia onyo kwamba huenda imedukuliwa. Vivinjari navyo huweza kumzuia msomaji kwa ukurasa mwekundu wa hatari. Shule huibiwa sifa kwanza, kisha huadhibiwa kwa makosa ya mwizi.

4. Milango anayoingilia

(a) Programu iliyozeeka. Tarehe 26 Januari 2017 lilitolewa sasisho la WordPress lenye namba 4.7.2. Ndani yake mlikuwamo kiraka cha ufa uliomwezesha mgeni kubadilisha maandishi ya ukurasa bila ya kuwa na ruhusa. Habari za ufa huo zilitangazwa hadharani tarehe 1 Februari. Katika siku zilizofuata kurasa zaidi ya milioni 1 duniani zilichafuliwa. Tovuti zilizokuwa zimejisasisha zenyewe zilisalimika. Walioathirika ni wale ambao hawakusasisha kwa wakati. Funzo lake ni kwamba tangazo la kiraka humfikia mwenye nyumba na mwizi kwa wakati mmoja, na kuanzia hapo ni mashindano ya mbio. Hatari huwa kubwa zaidi katika programu-jalizi, yaani zile nyongeza ndogo za kupamba tovuti au kuiongezea kazi, ambazo aghalabu huandikwa na watu binafsi na wakati mwingine huachwa bila ya matunzo.

(b) Nywila dhaifu. Nywila ya herufi ndogo 8 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu ina uwezekano wa 26 kwa kipeo cha 8, yaani 208,827,064,576. Mashine inayojaribu mara 1,000 kwa sekunde itahitaji zaidi ya miaka 6 kuumaliza wote. Lakini watu hawachagui kwa bahati nasibu. Huandika jina la shule na mwaka, au jina la mtoto. Mdukuzi huwa na orodha ya nywila zinazopendwa. Orodha ya maneno 10,000 humalizwa kwa kasi hiyo hiyo katika sekunde 10. Tofauti kati ya miaka 6 na sekunde 10 haitokani na urefu wa neno, bali na namna lilivyochaguliwa.

(c) Maandishi yanayogeuka kuwa amri. Na ifikiriwe ghala la kununulia pamba, ambapo karani wa mizani husoma karatasi ya mkulima na kutekeleza yaliyoandikwa humo. Mkulima mmoja, mahali pa jina lake, anaandika: "Jina langu, na pia wapewe risiti wote waliosimama nje." Karani asiyepambanua jina na amri atatoa risiti kwa watu wote. Kompyuta ndivyo ilivyo. Sanduku la kutafutia, au fomu ya maoni, hupokea maneno ya mgeni na kuyapeleka kwenye hifadhidata. Ikiwa programu haiyatenganishi maneno hayo na amri zake yenyewe, mgeni huweza kuiamuru itoe siri zote. Hila hii ilielezwa hadharani mwaka 1998, na ingali inafanikiwa mahali ambapo programu imeandikwa kwa uzembe. Dawa yake ni kanuni moja: kila kitokacho nje kihesabiwe kuwa maandishi tu, kisiwe amri kamwe.

(d) Jirani mchafu. Seva moja ya bei nafuu huweza kubeba tovuti nyingi. Zisipotenganishwa vizuri, ufa wa mmoja huwa ufa wa wote. Hatari ya maangamizi ya jumla ilionekana nchini Kenya mwezi Januari 2012, ambapo mdukuzi wa Indonesia alizichafua tovuti 103 za serikali katika tukio moja. Mwenye kuchagua mahali pa kupanga tovuti hana budi kuuliza jinsi wapangaji wanavyotenganishwa, kama vile mpangaji wa chumba anavyouliza habari za kufuli kabla ya kulipa kodi.

5. Hila ya nyuso mbili

Sababu moja inayofanya uvamizi ukae muda mrefu bila ya kugunduliwa ni kwamba mwenye tovuti huwa wa mwisho kuuona. Kivinjari kinapoomba ukurasa huweza kuieleza seva mambo mawili: aina ya chombo anachotumia msomaji, na tovuti alikotokea. Mdukuzi hupandikiza programu ndogo inayoyasoma maelezo hayo. Mwalimu anayeandika anwani ya shule moja kwa moja katika kompyuta ya ofisini huonyeshwa ukurasa wa kawaida. Roboti ya mtambo wa utafutaji huonyeshwa maelfu ya kurasa za bidhaa bandia, pengine kwa lugha ya Kijapani. Mzazi anayetokea kwenye matokeo ya utafutaji kwa simu hupelekwa kwenye kamari.

Matokeo yake ni mabishano. Mzazi analalamika, mwalimu anafungua tovuti na kuiona safi, na mzazi anaambiwa kwamba simu yake ndiyo mbovu. Mwalimu mwenye kujua hila hii hatabisha. Atachukua simu, atalitafuta jina la shule kama mgeni anavyolitafuta, na atafungua matokeo hayo. Kisha ataandika katika sanduku la utafutaji site: na kufuatisha hapo hapo jina la kikoa cha shule, bila ya kuacha nafasi. Mtambo utaonyesha kurasa unazozijua za kikoa hicho tu. Ikiwa shule ina kurasa 30 na orodha inaonyesha mamia, tena za viatu na dawa, ushahidi umepatikana.

Njia nyingine ni kutumia alama za mafaili. Kila faili huweza kufanyiwa hesabu inayotoa namba fupi ya kulitambulisha. Wanafunzi wanaweza kuianza kanuni hii ubaoni. Kila herufi ipewe namba kwa mpangilio wa herufi 26, A ikiwa 1 na Z ikiwa 26. Neno PAMBA ni 16 + 1 + 13 + 2 + 1 = 33. Lakini neno BAMPA nalo ni 33, kwa hiyo jumla ya kawaida haikuona kwamba herufi zimehamishwa. Sasa kila herufi izidishwe kwa nafasi yake: PAMBA ni 16 + 2 + 39 + 8 + 5 = 70, na BAMPA ni 2 + 2 + 39 + 64 + 5 = 112. Mabadiliko yameonekana. Kanuni ya kitaalamu iitwayo SHA-256 huendeleza wazo hilohilo kwa ustadi mkubwa. Hutoa tarakimu 64 za msingi wa 16, na herufi moja tu ikibadilika katika faili, alama yote hubadilika. Mwenye kuhifadhi alama za mafaili yake huweza kuzilinganisha kila juma na kujua lipi limeguswa.

6. Kinga

Kinga ya tovuti inaweza kufuatwa na mtu mmoja mwenye bidii, ikiwa itagawanywa katika kazi chache za kudumu.

Kwanza, kupunguza milango. Programu-jalizi isiyotumika ifutwe, isizimwe tu, maana faili lililozimwa bado limo katika seva. Akaunti ya mwalimu aliyehamishwa ifungwe siku anapoondoka. Mwandishi wa habari za michezo asipewe uwezo wa msimamizi mkuu.

Pili, kusasisha. Masasisho ya moja kwa moja yawashwe pale yanapopatikana, na siku moja ya juma itengwe kwa ukaguzi.

Tatu, nywila ndefu na uthibitisho wa hatua mbili. Nywila ya maneno manne yaliyochaguliwa kwa kura kutoka orodha ya maneno 2,000 ina uwezekano wa 16,000,000,000,000. Kwa majaribio 1,000 kwa sekunde, kuumaliza wote huchukua zaidi ya miaka 500, na maneno hayo hukumbukika kwa urahisi. Hatua ya pili ni namba inayobadilika kila sekunde 30, ambayo simu huihesabu kutokana na siri iliyohifadhiwa na saa. Kwa kuwa ni hesabu tu, haihitaji mtandao wa simu. Jambo hilo ni la manufaa mahali ambapo mawasiliano hukatika. Linalotakiwa ni saa ya simu iwe sahihi.

Nne, cheti cha usiri. Anwani inayoanza na https huyafunga mawasiliano kati ya msomaji na seva yasisomwe wala kubadilishwa njiani. Tangu mwaka 2014 Google huhesabu jambo hili kuwa kigezo cha kupanga matokeo, na tangu mwishoni mwa mwaka 2015 asasi ya Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bila ya malipo. Ieleweke, hata hivyo, kwamba cheti hulinda njia, hakilindi nyumba.

Tano, nakala za akiba. Kanuni inayofundishwa ni 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mbali na nyingine. Nakala iliyomo katika seva ileile huungua pamoja na nyumba. Na nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa ni tumaini tu. Ijaribiwe walau mara moja kila muhula.

Sita, kikoa kiandikishwe kwa jina la shule, kwa anwani ya ofisi, na tarehe ya kukilipia iandikwe katika kalenda ya mkuu wa shule. Kikoa kilichoandikishwa kwa jina la mtu mmoja huondoka naye, na kilichosahauliwa kulipiwa huweza kuchukuliwa na mwingine pamoja na sifa zake zote.

Hapa yafaa kuongeza kwamba si kila anguko katika utafutaji ni uvamizi. Tovuti ikijengwa upya na anwani za kurasa zikabadilishwa, viungo vya zamani hufa na kura zake hupotea. Dawa ni kuiagiza seva itoe jibu namba 301 kwa kila anwani ya zamani, yaani: ukurasa umehamia hapa kwa kudumu. Vilevile kosa la kuacha amri ya kuzuia roboti, iliyowekwa wakati wa ujenzi, huweza kuifuta tovuti yote katika orodha. Mwenye kutunza achunguze haya kabla ya kumtuhumu mdukuzi.

7. Uvamizi ukitokea

Kosa kubwa ni kufuta kurasa za kigeni na kurudi kulala. Kanuni za kilimo cha pamba humtaka mkulima ang'oe masalia na kuyachoma baada ya mavuno, maana wadudu wa msimu uliopita hujificha humo wakingoja mimea mipya. Tovuti nayo huachiwa masalia: faili dogo lenye jina la kawaida, lililofichwa katika folda ya picha, ambalo ni mlango wa nyuma wa mdukuzi. Likibaki hilo, kurasa zilizofutwa zitarudi.

Utaratibu unaofaa ni huu. Tovuti ifungwe kwa muda, na seva itoe jibu namba 503, linaloiambia mitambo ya utafutaji kwamba huduma imesimama kwa muda. Kumbukumbu za seva zinakiliwe kabla ya kusafishwa, kwani ndizo ushahidi wa njia iliyotumika. Nywila zote zibadilishwe kwa kutumia kompyuta iliyo safi. Programu yote ijengwe upya kutoka chanzo chake halisi, kuliko kuchambua faili moja moja. Na maandishi yarejeshwe kutoka nakala ya tarehe iliyotangulia uvamizi. Akaunti zisizojulikana ziondolewe, pamoja na mmiliki wa kigeni aliyejiandikisha katika huduma ya Google ya Search Console. Kurasa za uongo zitoe jibu namba 404 au 410, yaani hazipo. Mwishowe, kama onyo limewekwa, iombwe kukaguliwa upya kupitia huduma hiyohiyo. Kurudi kwa nafasi ya zamani huchukua muda, kwa kuwa roboti lazima zipite tena ukurasa kwa ukurasa.

Wazazi nao waambiwe mara moja, hasa ikiwa namba ya akaunti iliguswa. Shule inayoficha uvamizi ili kulinda heshima yake huwaacha wazazi wakiendelea kulipa mahali pasipo.

8. Sheria na ushirikiano

Nchini Tanzania, kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama aliyeingia hakuiba kitu. Wanafunzi wanaopenda ufundi huu waelezwe wazi: majaribio yafanyike katika kompyuta yao wenyewe iliyotengwa kwa kazi hiyo, si katika tovuti ya mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, nayo inahitaji uangalifu kwa shule zinazotunza majina, matokeo na simu za wazazi. Njia bora ya kulinda taarifa isiyohitajika ni kutoiweka.

Shule za umma hazina budi kufuata miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Matukio ya uvamizi huweza kuripotiwa kwa timu ya taifa ya kushughulikia usalama wa kompyuta, TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ripoti ya mmoja huwa tahadhari kwa wengi. Ulinzi wa sungusungu, uliosifika katika nchi ya Wasukuma tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, haukutegemea boma la mtu mmoja kuwa refu. Ulitegemea yowe la mmoja kusikiwa na kijiji kizima. Shule za wilaya moja zinaweza kufanya vivyo hivyo: mwalimu wa Maswa akikuta ufa katika programu-jalizi fulani, mwenzake wa Busega apate habari siku hiyohiyo.

Maswali ya kujipima

1. Katika mfano wa tovuti M, S na C, tovuti C ikiongeza kiungo kimoja kwenda M huku kile cha S kikibaki, tafuta thamani mpya za M, S na C. Nani amenufaika?

2. Nywila ya herufi ndogo 12 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu ina uwezekano mara ngapi zaidi ya ile ya herufi 8?

3. Tafuta neno lingine linalotoa jumla ya 70 kwa kanuni ya kuzidisha kwa nafasi. Matokeo yanaonyesha udhaifu gani wa kanuni hiyo?

4. Eleza kwa nini mzazi na mwalimu wanaweza kuona kurasa tofauti kwa anwani ile ile.

5. Tengeneza ratiba ya muhula mmoja ya kutunza tovuti ya shule, ukitaja kazi ya kila juma, ya kila mwezi na ya kila muhula, na jina la cheo cha mtu atakayeitekeleza kila moja.